Tuvike Nyumba Blanketi, Mbabula Ibaki Nje



Kipindi cha baridi kiko mlangoni. Mvua zimekatika, anga limekuwa safi, na wenzetu wanaotoka mapema kwenda sokoni wameanza kuvaa sweta mbili. Wageni wengi wanafikiri Kongo yote ni joto. Hawajui kwamba hapa Lubumbashi tunaishi juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kwamba usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10. Kisha unafika mwezi wa tisa na wa kumi, joto linapita digrii 30, na nyumba ileile iliyotugandisha inaanza kutuoka kama mikate.

Tumezoea kusema, "Ndiyo hali ya hewa ya kwetu." Lakini hali ya hewa ni ya nje. Ndani ya nyumba ni kazi yetu, na wiki hii tunataka kuzungumza juu ya kazi hiyo, kwa sababu ya jambo lililotupata mwaka jana.

Mwaka jana, usiku mmoja wa mwezi wa saba, tuliitwa mbio kwa mwenzetu mmoja. Alikuwa ameingiza mbabula chumbani, akafunga mlango na dirisha, akalala na watoto wake wawili. Mtoto mkubwa aliamka na kichwa kinachomuuma sana, akatapika, akajikokota hadi mlangoni akaufungua. Kelele zake ndizo zilizoamsha majirani. Mama na mdogo walitolewa nje hawajitambui. Mungu alisaidia, wote watatu walipona hospitalini. Tulipokwenda kumtembelea, mmoja wetu alimwuliza kwa upole kwa nini alilala na moto. Alijibu, "Mtoto wangu ana SS. Baridi ikimshika, mifupa inamuuma mpaka analia usiku kucha. Nifanye nini, wenzangu?"

Hakuna aliyekuwa na jibu siku ile. Ni kweli kwamba baridi ni moja ya mambo yanayoamsha maumivu ya mtoto mwenye drepanositozi, na daktari mwenyewe huwaambia wazazi wamlinde nayo. Kumwambia mama "usiingize mbabula" bila kumwonyesha njia nyingine ni kumwachia achague kati ya maumivu na kifo. Tulirudi tukiwa na swali moja: nyumba inaweza kupata joto bila moto?

Tuliuliza mafundi, tukauliza bibi zetu, tukaenda kuangalia nyumba moja baada ya nyingine. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Baridi inaingia wapi

Wengi wetu tulifikiri baridi inaingia kwa mlango. Inaingia huko, ndiyo, lakini mlango mkubwa wa baridi uko juu ya vichwa vyetu, nao ni bati. Chuma hupitisha joto mamia ya mara kuliko mbao. Mchana wa mwezi wa kumi bati linakuwa moto hadi huwezi kuligusa, na moto huo unatushukia. Usiku wa kiangazi anga halina mawingu, na bati linatupa joto lake juu hadi linakuwa baridi kuliko hata hewa ya nje. Joto la miili yetu linapanda, linakutana na bati, linaondoka.

Mnajua vilevile ile mvua ya ndani. Saa kumi na moja za asubuhi, mbinguni hakuna wingu, lakini matone yanadondoka kitandani. Si bati lililotoboka. Ni pumzi yetu wenyewe. Watu watano wakilala chumba kimoja, mvuke wa pumzi zao unapanda, unagusa bati baridi, unageuka maji. Godoro linalowa, ukuta unaota ukungu, na mtoto mwenye asma anaanza kukohoa.

Bibi mmoja wa chama chetu alicheka tulipomweleza hayo. Alisema nyumba ya majani aliyozaliwa ndani yake haikuwahi kumtonea maji ya asubuhi. Mwezi wa sita ilikuwa na uvuguvugu, mwezi wa kumi ilikuwa na ubaridi mzuri. Alikuwa na haki. Majani mazito yanashika hewa nyingi katikati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Bati lilituletea paa lisilovuja na lisiloshika moto haraka, lakini lilituondolea ile hewa.

Basi siri ya izolasio, kama mafundi wanavyoiita, ni hiyo tu: kushika hewa itulie kati yetu na bati. Blanketi nalo halina moto ndani yake. Linashika hewa, na hewa inashika joto la mwili. Nyumba nayo inahitaji blanketi.

Blanketi za aina gani

Ya kwanza, ambayo wengi wetu tunaweza kuifikia, ni plafo ya triplekisi. Fundi anafunga mbao nyembamba chini ya sharpanti, anazipanga miraba ili kila ukingo wa triplekisi upate mbao ya kushikilia, kisha anapandisha vipande. Kipande kizima huwa na sentimita 122 kwa 244. Pimeni chumba kabla ya kununua ili msilipie vipande vitakavyobaki kama takataka. Anzeni katikati ya chumba mkielekea kuta, ili vipande vilivyokatwa vikae pembeni. Maungio yafunikwe kwa vipande vyembamba vya mbao, maana ufa mdogo unatosha kupitisha joto lote mlilolilipia. Plafo yenyewe ni nyembamba. Kinachofanya kazi ni hewa iliyofungwa kati yake na bati. Kwa hiyo msiibandike karibu na bati.

Ya pili ni ya mwenye mfuko mwepesi: mifuko ya karatasi ya simenti. Ikung'utwe vizuri nje, mtu amefunga pua na mdomo, ifunguliwe, ishonwe au ibandikwe kwa gundi ya unga, kisha ivutwe juu ya nyuzi za waya na kupakwa chokaa. Tabaka mbili zenye nafasi ya vidole vitatu katikati ni bora kuliko tabaka moja nene. Makartoni makubwa ya dukani yanafanya kazi hiyohiyo. Lakini karatasi inashika moto na panya wanaipenda. Basi ni ya chumba cha kulala tu, mbali na jiko na mshumaa, na iangaliwe kila mwaka.

Ya tatu ni majani makavu yaliyofungwa mafungu na kulazwa juu ya plafo. Yanakinga sana, kama bibi alivyosema. Hata hivyo katika mitaa ambayo nyumba zimebanana na nyaya za umeme zinapita ovyo chini ya mabati, cheche moja inatosha. Sisi hatuyashauri mjini, labda kwa kibanda kilichosimama peke yake kisicho na umeme.

Ya nne ni frigoliti, ile nyeupe nyepesi inayokuja na frigo na televizio mpya. Karibu yote ni hewa: sehemu 98 kati ya 100. Vipande vya sentimita 3 hadi 5 vikilazwa juu ya plafo, vikibanana bila nafasi, mnahisi tofauti usiku uleule. Wengine wetu huokota ile ya maboksi madukani mjini na kuikata kwa kisu chenye makali. Mambo mawili msiyasahau. Frigoliti ikishika moto inayeyuka na kutoa moshi mweusi wenye sumu, kwa hiyo isiachwe wazi ndani ya chumba. Daima iwe juu ya triplekisi, na jikoni isiwekwe kabisa. Pili, waya wa umeme usilale juu yake. Plastiki ya waya ikigusana na frigoliti muda mrefu inakakamaa na kupasuka. Mwambieni fundi apitishe waya ndani ya tuyo.

Ya tano ni pamba ya kioo, na ndugu yake pamba ya mawe. Zinatengenezwa kwa kuyeyusha mchanga, kioo au mawe na kuyasokota kuwa nyuzi. Haziungui kwa urahisi, na hiyo ni sifa kubwa. Lakini ni ghali, na nyuzi zake zinawasha ngozi na koo. Anayezipandisha avae mikono mirefu, glovu na maski, na watoto wasiwe karibu. Zisikandamizwe, kwa sababu ukizibana unaitoa ile hewa uliyoinunua. Zikilowa, hazifai tena mpaka zikauke.

Ya sita ni karatasi ya aluminiumu inayong'aa, inayotandazwa chini ya bati. Kazi yake ni kurudisha mionzi ya jua, na ni nzuri hasa kwa joto la mwezi wa tisa na wa kumi. Kwa baridi ya usiku inasaidia kidogo tu. Lazima upande unaong'aa uwe na nafasi ya hewa mbele yake, angalau sentimita 2. Ikigusana na bati haifanyi kitu. Ni rahisi kuiweka nyumba inapojengwa, kabla mabati hayajapigwa misumari. Kwa asiye nayo, kupaka bati chokaa nyeupe mwishoni mwa mwezi wa nane kunapunguza joto la mchana. Mvua zitaiosha baadaye, lakini wakati huo miezi mikali itakuwa imepita.

Kuta, sakafu, mlango

Kuta zetu nyingi ni za matafari ya kuchoma, yaliyofinyangwa kwa udongo wa vichuguu vya mchwa. Ni kuta nzuri. Tafari zito linakunywa joto la mchana polepole na kulirudisha usiku. Tatizo ni maungio: udongo ukianguka, upepo unapita. Zibeni nyufa kwa udongo uliochanganywa na mchanga, kisha simenti kwa nje kama uwezo upo. Mama, pitisha mkono wako wenye maji kandokando ya ukuta usiku wa upepo. Mahali mkono unapohisi baridi ndipo penye tundu.

Sakafu ya simenti inanyonya joto la mtoto anayelala chini. Kartoni mbili chini ya mkeka, kisha godoro, ni kinga kubwa isiyogharimu kitu. Chini ya mlango wekeni nguo ya zamani iliyoshonwa kama soseji na kujazwa mchanga au matambara. Dirishani, kitenge kizito cha tabaka mbili kinashika hewa kuliko pazia jepesi.

Juu ya nyumba, usifunge kila kitu. Kati ya plafo na bati pawe na matundu pande mbili za nyumba, yenye wavu wa mbu, ili unyevu utoke na mbao zisioze. Wavu huo una faida nyingine. Mwaka 2009 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya Gambia: nyumba zilizowekewa nyavu milangoni na madirishani, au dari ya wavu, ziliingiwa na mbu wachache, na upungufu wa damu ulikuwa mdogo kwa watoto wake. Plafo iliyofungwa vizuri inasaidia pia kuhusu malaria, ambayo inatuchukulia watoto wengi kuliko baridi.

Kuna faida ambayo hatukuitafuta. Mvua kubwa ya mwezi wa kwanza ikipiga bati tupu, hamsikiani ndani, na mtoto hawezi kusoma. Sisi tulio upande wa Luano tunajua ndege zinavyopita, na wanaokaa karibu na barabara za malori ya migodi wanajua mengine. Wenzetu walioweka plafo wanasema kitu cha kwanza walichokipata ni usingizi.

Onyo kwa nyumba za zamani

Komini yetu ina nyumba za miaka ya 1950, za wakati wa Wabelgiji. Wakati ule simenti iliyochanganywa na amianti ilitumika sana kwa mabati ya kijivu na kwa plafo. Vumbi la amianti linaingia katika mapafu na linaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Kama nyumba yako ina plafo au paa la aina hiyo na bado ni zima, usilitoboe, usilikate kwa msumeno, usilisugue. Lipakwe rangi, plafo mpya ifungwe chini yake kwa mbao zilizoshikizwa ukutani. Vipande vilivyovunjika visitumiwe kufunika choo wala kuku, na watoto wasivichezee.

Likelemba ya plafo

Pesa zilitoka wapi? Hapo ndipo tulipogombana. Likelemba yetu ilikuwa ya fedha taslimu, na wengine walisema wazi kwamba zamu yao ni ya karo ya shule, hawataki mbao. Walikuwa na haki. Tulikubaliana kuianzisha ya pili, ndogo, kwa anayetaka, na zamu isitolewe kwa pesa bali kwa triplekisi na mbao zilizokwisha nunuliwa. Kununua pamoja kulitupunguzia bei, na mbao haziwezi kukopwa na shemeji.

Hatukupiga kura kuhusu nani aanze. Wa kwanza alikuwa mama yule wa mtoto mwenye SS. Wa pili mwenye mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia. Wa tatu bibi. Kila mmoja aliwekewa chumba kimoja tu, kile wanacholala watoto, kwa sababu chumba kimoja kilichofungwa vizuri kinafaa kuliko nyumba nzima iliyofungwa nusunusu.

Kwa wapangaji tulijifunza kwa uchungu. Mwenzetu mmoja aliweka plafo nzuri, na baada ya miezi miwili mwenye nyumba akapandisha bei, akisema nyumba imekuwa ya kisasa. Alihama, plafo ikabaki. Tangu siku ile hatupigi nyundo kabla ya karatasi. Mwenye nyumba aandike na kutia sahihi kwamba plafo ni mali ya mpangaji, au kwamba gharama itakatwa katika kodi. Na plafo ya mpangaji tunaifunga kwa vise, si kwa misumari, ili turnavisi iishushe siku ya kuhama.

Jambo ambalo halina mjadala

Tukishaziba nyufa na kufunga plafo, mbabula chumbani inakuwa hatari zaidi kuliko mwanzo. Tafadhali someni sentensi hiyo tena, na msomeeni asiyejua kusoma. Makala yanayowaka hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu. Watu wanadhani makala yaliyokwisha shika vizuri, mekundu bila moshi, ni salama. Si salama. Moshi umeisha, sumu inaendelea kutoka. Nyumba yenye matundu ilikuwa inaitoa kidogo. Nyumba iliyozibwa inaishika.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuwa mizito. Kama watu wawili ndani ya chumba wanaumwa kichwa pamoja, msiseme ni malaria. Fungueni milango, tokeni wote nje, kisha mwende hospitali hata kama mnajisikia nafuu. Mbabula ni ya nje, ya kupika bukari. Maji ya moto ndani ya chupa iliyofungwa vizuri na kuvikwa soksi yatamtia mtoto joto kitandani bila kumwua.

Mwenzetu yule bado ana mbabula yake. Inakaa uani. Mtoto bado ana SS, na plafo haiponyi damu. Lakini mama anasema sasa usiku anaamka kumfunika tu, si kumbembeleza hadi kuche.

Jumatano hii, baada ya kikao, fundi wetu atakuja kuonyesha jinsi ya kupima chumba na kuhesabu vipande vya triplekisi. Njooni na vipimo: urefu na upana wa chumba cha watoto, hata mkipima kwa kamba. Wenye mifuko ya simenti au frigoliti za bure wazilete. Na kama unajua mama anayelala na mbabula, usingoje kikao. Mpitie leo, kabla jua halijazama.